Nilihamisha Kitufe cha Mama Esperance

Muzee Paluku,

Ni mimi, Kahindo. Nimekaa kwenye meza yako, si yangu, kwa sababu yangu imejaa kompyuta za watu ambazo nimezifungua na sina hamu ya kuzifunga. Ni Jumapili mchana, nusu ya mtaa wetu wa Ndosho iko kanisani, na hapa atelieni, karakana yetu, hakuna mtu wa kuniambia nipunguze redio. Siiwashi tena siku hizi. Nadhani ilikuwa tamu kwa sababu ilikuudhi.

Miezi saba sasa. Wateja wengi wamehama mji, wengine wanangoja mambo yatulie, na wachache wanaobaki wakifika mlangoni wanachungulia nyuma yangu kukutafuta. "Muzee iko?" Mwanzoni nilikuwa naeleza yote, ugonjwa, mazishi, kila kitu. Sasa nasema tu hayuko, na wao wanasema watarudi.

Lakini sikukaa hapa kukulilia wateja. Nimefanya kosa, Muzee, na kosa lenyewe liko palepale tulipokuwa tunagombana, na sina mtu mwingine atakayelielewa hata nusu.

Unakumbuka ubishi wetu. Ulitaka programu yetu ya kituo cha uzazi ionekane ileile kila mahali: kwenye Windows ya mapokezi, kwenye Linux ya depo ya dawa, na hata Mac kama ingekuja siku moja. Mimi nikasema kila mashini ina desturi yake, na programu ni mgeni, ifuate desturi ya nyumba. Kwenye Windows kitufe cha kukubali kinatangulia kushoto na cha kukataa kinafuata. Kwenye Mac ni kinyume, cha kukubali kinakaa mwisho kabisa upande wa kulia. Windows inaweka menyu ndani ya dirisha, Mac inazipandisha juu ya skrini, na alama ya kufunga dirisha inahamia upande mwingine. Nilikuchorea yote hayo kwenye karatasi, tena kwa rula, nikajiona mwalimu. Ukaitazama, ukavua miwani, ukasema: "Kahindo, mashini haina mikono. Mutu njo iko na mikono."

Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu ukaniletea mandazi ya moto, hukuomba radhi wala hukutaja Mac, na mimi nikala. Tulikuwa hivyo.

Basi, mwezi wa tatu tangu tukuzike, kompyuta ya mapokezi iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Mgeni mmoja wa masera, wale watawa wanaoendesha kituo, akawaachia Mac yake. Masera Mkuu akanipigia simu niweke programu. Sikuwa na mtu wa kunipinga, na nakiri nilifurahi. Niliandika upya kila dirisha kwa desturi ya Mac. Lilikuwa jambo safi, Muzee, ungelisifu japo kwa kununa. "Enregistrer" ya kuhifadhi nikaipeleka mwisho kulia. "Annuler" ya kuacha ikaja kushoto, palepale ambapo kwa miaka tisa ilikuwa "Enregistrer." Na lile swali lako la kila mara, "una hakika unataka kuacha?", nikalifuta, kwa kuwa nilisoma mahali kwamba maswali yanachosha watu.

Niliiweka kwa saa moja. Nikamsalimu Mama Esperance nikiwa nimesimama, nikaenda zangu.

Unamjua Mama Esperance kuliko mimi. Yuko mapokezi tangu kituo kilipokuwa nyumba ya mbao. Anajua Kifaransa kunishinda, hata barua za Masera ndiye alikuwa anazisahihisha. Kusoma si tatizo lake. Ila mtu aliyebonyeza mahali pamoja miaka tisa hasomi tena pale. Anajaza jina la mama, saa ya kuzaliwa, uzito wa mtoto, huku anamjibu mwingine aliyesimama kwenye kaunta, na mkono unakwenda wenyewe. Fomu inajifunga, nyingine tupu inafunguka, kama siku zote. Hakuna kilichomwambia kwamba mtoto yule hakuandikwa.

Baada ya wiki mbili wazazi walianza kuja kuchukua karatasi ya kwenda kumwandikisha mtoto, na majina hayakuwamo. Wengine walikuwa wametoka mbali kwa miguu, mtoto mgongoni. Wakunga walitoa daftari lao la chumba cha kuzalishia na majina yakapatikana, moja moja, lakini watu walikuwa wamesharudishwa nyumbani, na mama mmoja alisimama kwenye kaunta akiuliza kama mtoto wake hakuzaliwa.

Masera akatuita ofisini, mimi na Mama Esperance. Akaniuliza mbele yake: "Kahindo, sema kweli. Ni mashini ao ni mutu?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu nilipoingia mlangoni, nilikuwa naviona vile vitufe viwili kichwani. Nikasema: "Masera, mashini iko bien."

Na ilikuwa bien, nzima kabisa. Hapo ndipo uchafu wenyewe ulipo, kwamba sikusema uongo hata neno moja. Mama Esperance alinitazama, kisha akatazama mikono yake, akasema taratibu: "Pengine ni macho yangu." Wiki hiyohiyo wakamtoa mapokezi, wakampeleka kwenye nguo, akunje vitambaa vya watoto. Wakasema apumzike kidogo, amechoka. Aliyewekwa mahali pake hakuwa na mazoea, alisoma vitufe, na makosa yakakoma. Maisha yote ya Mama Esperance yalikuwa yameandikwa kwenye ile kaunta na mimi nikamwondoa kwa maneno matatu.

Sasa nikuambie kwa nini sikukaa naye. Wewe hukuandika hata mstari mmoja kabla ya kukaa siku nzima nyuma ya kiti cha mtu, unamtazama anavyofanya kazi, unakunywa chai yake, unamchekesha. Ungekaa na Mama Esperance dakika tano ungeona mkono wake unavyokwenda. Na mimi nilifundishwa na wewe, si kwamba sikujua. Lakini pale mapokezi ukikaa unaona mlango wa kile chumba kidogo walimokulaza mwisho, hospitali kubwa zilipojaa na Mama Esperance akakupigania upate kitanda. Watoto wanalia upande wa pili wa ukuta. Ulinong'ona ukicheka, ukielekeza kidole ukutani, "Miye naenda, bale banafika," nikakukemea. Sikutaka kuuona ule mlango, Muzee. Nilijiambia nafuata desturi ya Mac. Nilikuwa nakimbia.

Jumanne nilikwenda kuchukua waya niliousahau. Nikamkuta uani, amezungukwa na vitambaa vyeupe. Nilitegemea asinijibu salamu. Akaniangalia, akaniuliza: "Umekonda. Unakula?"

Niligeuka nikaenda moja kwa moja kwa Masera, bila kupiga hodi vizuri, nikamwambia kosa ni langu. Nikamwonyesha kwenye skrini, hapa palikuwa hivi, nikafanya hivi, swali nikalifuta, na nilipoulizwa nilijua. Kisha akasema, "Muzee yako hangenijibu vile." Akaongeza kwamba Mama Esperance atarudi mapokezi asubuhi yake, na kwamba kazi mpya ya depo ya dawa, ile tuliyoahidiwa mwaka mzima, atatafuta mtu mwingine wa kuifanya. Sikubisha. Ilikuwa mara ya kwanza sibishi, ungestaajabu.

Kesho yake nikafika kabla ya saa mbili. Mama Esperance alikuwa ameshakaa, kitambaa kipya kichwani. Hakuniambia amenisamehe. Alivuta kigoda kwa mguu, akasema: "Ikala. Angalia." Nikakaa mpaka mchana, mlango ule ukiwa mbele yangu. Ulifunguliwa mara nyingi. Kuna msichana amelazwa humo sasa, na mama yake anaingia na uji. Nilirudisha vitufe mahali mikono yake inapovijua, nikarudisha swali lako, yeye akinisimamia na kunisahihisha. Menyu tuliziacha juu ya skrini, kwa sababu alisema pale anaziona vizuri zaidi, kwa hiyo hata wewe, Muzee, hukushinda yote.

Saa sita watu walipungua. Akawa anapanga karatasi, hanitazami, akasema: "Tulikuwa babili pale kitandani ya Muzee. Tulimushika mukono, weye huku, miye huku. Kisha ukapotea. Nililia peke yangu hapa, naandika majina ya batoto. Ulikuwa wapi?"

Nilidhani mimi ndiye niliyeachwa peke yangu, Muzee. Miezi saba nimejifungia humu na meza yako, nikiamini hakuna mwingine mjini anayekukosa, na yeye alikuwa pale pale, mwendo wa pikipiki tu, analia juu ya fomu zile zile nilizokuwa nampotezea.

Ya kuhusu Mac bado sijakubali. Mtu aliyekua nayo tangu mwanzo ungemchanganya na vitufe vyako, na kama ungekuwepo ningekuchorea karatasi nyingine sasa hivi. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko yote, mtu wa kuniambia sivyo. Hapa nikisema jambo linabaki lilivyo, hakuna anayelivutia upande wake.

Nakuahidi mawili. Sitahamisha kitu chini ya mkono wa mtu kabla sijakaa naye, hata kama kiti kitatazama mlango nisioutaka. Na Alhamisi nitakwenda kula kwa Mama Esperance. Ameniambia nije na njaa, na nisije na kompyuta.

Kwa heri, Muzee wangu. Pumzika. Sasa tunakulilia wawili.

Kahindo