Swali Moja Kule Delhi

Mapuii, uko? Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Leo baba kazindua kile kitabu chake cha wabunge wote ambao jimbo letu la Mizoram limewahi kuwapeleka bungeni Delhi. Si unajua kiti chetu ni kimoja tu. Katikati ya hotuba akasimama Zairema, yule mkandarasi mnene. Marehemu baba yake alikuwa mbunge.

"Bwana Thangzuala," akamwambia baba, "soma ulichoandika juu ya baba yangu. Hapa hapa, watu wasikie."

Nilijua kilichoandikwa. Nilishamwomba baba akifute, akasema kumbukumbu za bunge ndizo zinazosema hivyo.

Akavaa miwani, akasoma: "Katika miaka mitano, alizungumza bungeni mara moja tu."

Mara moja tu, Mapuii. Mbele ya mwanawe.

Zairema akaja mpaka jukwaani. Nikajua leo baba anapigwa.

"Alisema nini?"

Baba akafunua ukurasa. "Aliuliza ni lini wilaya yake itapata daktari wa upasuaji."

"Una hakika?"

"Nakala ninayo."

Zairema akajikalia kwenye ngazi za jukwaa. "Shuleni tulizomewa kwamba baba hakuwahi kufungua mdomo kule," akasema. "Mama amekufa anaamini hivyo. Soma tena."

Baba kasoma mara tatu. Nilipowaacha kuja huku chooni walikuwa wamekaa pamoja pale ngazini, Zairema analinakili lile swali kwa mkono, neno kwa neno, na ukumbi mzima unamsubiri amalize.