Kimia cha Mikono Miwili

Jumapili, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba mnaamka salama. Mimi naamka, na zaidi ya hapo siwezi kuapa. Mgongo unauma, lakini tangu nianze kupandisha tofali ghorofani nimesahau mgongo usiouma unakuwaje.

Barua yako niliipata Alhamisi kwa dereva wa lori la mbao, nikaisoma nikiwa kwenye foleni ya maji. Mtaendelea kuniandikia kupitia kwake maana simu sina tena. Iliniponyoka mfukoni ikaingia kwenye zege, na kabla sijainama wenzangu walishamwaga. Sasa iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya nne. Ukinipigia, unaipigia nguzo.

Dada, nimechoka kuulizwa habari za kimia. Kila barua kimia. Najua baba anangoja wavu wake wa kuvulia, na kwamba nilikiacha nimevuka nusu. Najua kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa baba, na kila akifunga mlango kinamgonga bega. Sheria yake naijua kama ninavyojua jina langu: aliyeanza kimia ndiye atakayekimaliza, kwa sababu kila mkono una namna yake ya kukaza fundo, na wavu wa mikono miwili ukirushwa hufunguka upande mmoja kama mwavuli uliovunjika. Naijua. Sasa nifanyeje? Nishone kwa mawazo? Mkataba umeongezwa tena, jengo halijafika paa, na msimamizi wetu mtu akimwomba ruhusa humtazama kana kwamba ameombwa figo.

Mnunulie cha dukani. Vipo, ni vyepesi, vimekwisha kushonwa. Mwambie mwezi ujao nikipata nafasi nitakuja.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima kwa kadiri yetu. Baba ana kikohozi ambacho anasema si kikohozi, ni koo tu linajisafisha. Mimi nina sare za shule sabini za kushona na cherehani inayokula uzi kuliko kitambaa.

Pole kwa simu, lakini sikusikitika sana. Ulikuwa ukibanwa unasema mtandao mbovu. Barua haina mtandao mbovu.

Kimia cha dukani nilimnunulia kabla hujanishauri. Alikirusha mara moja, kikaanguka mtoni kama shati lililolowa. Akakikung'uta, akakikunja, akanirudishia. Anasema, "Hiki kimeshonwa na mashine. Mashine haijawahi kulala njaa, itajuaje samaki anapita wapi?" Sasa jirani yetu wa kuku amefunikia banda.

Kwa hiyo anaendelea na kile chake cha zamani, ambacho viraka vimekuwa vingi kuliko macho ya wavu. Zamani alikuwa anaingia majini saa moja na saa mbili yuko nyumbani na kitoweo na cha kuuza. Siku hizi anasimama mpaka adhuhuri, maji kiunoni, na kifua hicho. Juzi samaki mkubwa alipita katikati ya wavu, baba anamwona anavyoondoka. Alikuja akakaa, akautazama mlango wake.

Nilimwambia, "Baba, nipe mimi nikimalizie." Akasema mkono wangu ni wa cherehani. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyekufundisha wewe kushika sindano ya nyavu, yeye alipokata tamaa na wewe. Akasema, "Inawezekana. Lakini mwenye kimia yuko hai." Nikamwambia huyo aliye hai ana miaka mitano anakuja mwezi ujao. Akasema, "Basi akuachie kwa maneno yake mwenyewe."

Ni mstari mmoja tu, mdogo wangu. Andika: nimemwachia dada. Nitamsomea, nitakishusha msumarini jioni hiyo hiyo, na baada ya miezi miwili mzee atakuwa anaingia majini saa moja na kutoka saa mbili.

Dada yako

*

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Poleni na kikohozi, na poleni na sare.

Mstari huo siandiki.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Hapa tunalala wanane chumba kimoja. Kitanda changu ni cha juu, karibu na bomba linalovuja, na chini yangu analala fundi vyuma anayeongea usingizini kuhusu nondo. Nguo zangu ziko kwenye mfuko wa saruji. Kazini hawaniiti jina, wananiita Wewe wa Tofali. Hiki chumba si changu, jengo si langu, likiisha hata kuingia kwa mlango wa mbele sitaruhusiwa. Kitu pekee duniani ambacho watu wanasema ni cha fulani, na fulani huyo ni mimi, kiko kwenye msumari nyuma ya mlango wa baba. Nikikuachia, mtanikumbuka kwa lipi? Nitarudi hapo niwe mgeni, nikaribishwe kiti.

Najua baba anateseka. Usiniandikie tena kama vile sijui. Nimefikiri hivi: kitie kwenye gunia pamoja na sindano, kibao cha kupimia macho na uzi wote uliobaki, mpe dereva. Jumapili hatufanyi kazi. Nitakimalizia hapa, nikirudishe kabla ya Juni. Mkono utakuwa ule ule, sheria itakuwa imetimia, na wewe utapumzika kunisema.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama.

Gunia hilo. Nilitaka kukukatalia, ila nilimsomea baba barua yako, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilimwona anatafuta viatu vyake haraka. Amekifunga mwenyewe. Alikikung'uta vumbi nje, akakagua macho moja moja mpaka nikaunguza sare kwa pasi, akakikunja ndani ya shuka lake safi. Lile shuka nalitaka lirudi.

Vipande vya risasi vya kuzungushia ukingoni amebaki navyo. Anasema uzito huwekwa mwisho, na huwekwa karibu na maji.

Ukumbuke kuongeza macho kila baada ya safu tano, usije ukatuletea soksi. Kabla ya Juni umesema mwenyewe, mimi sikukuwekea mdomoni.

Dada yako

*

30 Juni

Wewe,

Salamu nitaziandika ukijibu.

Barua hii ni ya tatu. Dereva anaapa kwamba mbili za kwanza alikupa mkononi, na kwamba ulizipokea ukazitia mfukoni kama tiketi. Nimemuuliza, kimia kinaendeleaje? Anasema, "Mama, mimi nabeba mbao."

Jumanne baba aliteleza kwenye mawe akakaa kitako majini. Jirani wa kuku ndiye aliyemwinua. Baba akamwambia alikuwa anatafuta kipande cha risasi kilichodondoka. Jirani akasema, "Mzee, risasi ya kutafuta na makalio mimi sijaiona." Wamenuniana tangu siku hiyo.

Kimia cha zamani kimechanika kutoka shingoni mpaka ukingoni. Hakishoneki. Kila asubuhi anakwenda mtoni vilevile, anakaa juu ya jiwe, anarudi. Ukimuuliza anasema alikwenda kutazama maji.

Niambie kama umekitupa, umekiuza, au umekufa nacho. Chochote, lakini niambie.

Dada yako

*

14 Julai

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Barua hii usimsomee baba. Nakuomba.

Sijakitupa. Nilikitundika kwenye nondo ya dirisha Jumapili ya kwanza tu baada ya gunia kufika. Chumba kizima kilicheka. Fundi vyuma akaniuliza kama naolewa, maana anaona nashona shela. Mpishi akataka nimshonee cha kuzuia panya. Nikawaacha wacheke, nikachukua sindano.

Sasa sikia jambo ambalo sikuwaambia. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, ubao wa kushikilia zege uliniangukia mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na cha katikati vilisagika. Havikukatwa, vipo, lakini vimekaa wima kama vijiti. Havikunjiki. Niliwaandikia kwamba nina mafua, nadhani unakumbuka, ulinitumia dawa ya mafua.

Kubeba tofali naweza, tofali halina haja ya vidole, linahitaji bega na ujinga. Ila fundo la kimia unalijua wewe. Mkono wa kulia unapitisha sindano, na kushoto gumba na shahada ndivyo vinavyobana uzi juu ya kibao mpaka fundo likae. Mimi nabana kwa gumba na hewa. Fundo linateleza. Nikalikaza kwa meno. Nikajaribu kufunga kibao pajani. Nimejaribu namna zote, dada, Jumapili baada ya Jumapili, na kuanzia Aprili mpaka leo nimemaliza safu tatu. Macho mengine makubwa kiasi cha kupitisha ngumi, mengine hata dagaa ataomba radhi. Jana nilikining'iniza nikakitazama kwa mbali. Juu kimenyooka, kazi ya mtu. Chini kimeegemea upande kama mlevi ukutani.

Nilikuwa nakukatalia nikisema kitakuwa kimia cha mikono miwili. Ndicho nilichotengeneza, na mikono yote ni yangu.

Ndiyo maana sikujibu. Ningejibu nini? Sina hasira na wewe. Nina hasira na ubao, na vidole, na huyu fundi vyuma ambaye sasa ameacha kucheka na ananishikia uzi bila kuombwa, jambo linaloniudhi zaidi.

Niambie nifanye nini. Ila baba asijue.

Mdogo wako

*

20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole. Nimeiandika pole hii nikaifuta mara nne, kwa sababu nikikupa pole nitakuwa sijakutukana, na unastahili vyote viwili. Dawa ya mafua. Nilipanda kilima kizima kwenda kuinunua.

Baba nimemsomea. Usipoteze karatasi kunilaumu. Aliniona nikisoma kimya, akaniambia, "Barua inayosomwa bila sauti ina msiba. Soma." Nikasoma yote, mpaka neno ujinga.

Akauliza vidole ni vya mkono gani. Nikamwambia. Akaunyoosha wake wa kushoto, akaukunja, akaunyoosha. Halafu akaanza kufoka, na alifoka mpaka kikohozi kikamkatiza, akasubiri kipite akaendelea. Kwamba una kichwa cha nazi. Kwamba mtu anavunjika mkono anaugua mafua. Kwamba sisi wote wawili tulizaliwa ili kumchosha.

Alipomaliza akatoa hukumu, na nakuandikia alivyosema. "Mkono ulioanza kile kimia umekufa. Mkono ukifa, kimia ni cha ndugu wa karibu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote." Mimi siku zote hizo sikuwahi kuisikia hiyo. Miaka mitano namwomba, leo ananitazama kana kwamba ni mimi niliyekuwa nachelewa. "Mbona umekaa?" ananiambia. "Andika, afumue safu zake tatu, kilete." Nilitaka kumrushia mkasi.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo aliloniamrisha niandike polepole.

Nilimwambia unaogopa kwamba bila kimia huna chako hapa. Akaniuliza, "Nani kamwambia kimia ni cha anayeshona? Mimi nimesema kitashonwa na dada yake. Sijasema nani atarusha." Yeye kiuno kimekwisha, alianguka kwa sababu ya kiuno si kwa sababu ya risasi, amekiri. Mimi sirushi, ninaogopa maji tangu nilipokuwa mtoto na nyote mnajua. Anasema kurusha ni kiuno na meno: unang'ata ukingo, unazungusha kiuno, unaachia. Na anasema kinachoharibu mrusho ni vidole vinavyokunjika, maana wavu hukwama humo. Visivyokunjika huachia kwa wakati. Sijui kama ni kweli au ameitunga pale pale, lakini aliisema kwa uso ule wake wa hakimu.

Anauliza kama meno bado unayo.

Dada yako

*

6 Septemba

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya baba umpe.

Safu tatu nimezifumua. Zilichukua miezi mitatu kushona na chai moja kufumua. Fundi vyuma alishika upande wa pili, na alipoona naanza kufumua akakasirika kana kwamba kazi ni yake. Kimia sasa kinaishia pale nilipokiachia siku niliyoondoka nyumbani. Uzi unaning'inia, utaanzia hapo. Kaza kama unavyokaza wewe, usijaribu kuniigiza, nimejaribu kujiigiza mwenyewe na umeona.

Shuka limechafuka saruji. Nitalifua.

Nilikwenda kwa msimamizi. Akaniambia jengo bado ghorofa mbili, na nikitoka sasa nisirudi. Nikamwambia sawa. Jina langu lilimshinda kulipata kwenye daftari, ikabidi nimwonyeshe.

Gunia simpi dereva. Nalileta mimi mwenyewe, nikikaa juu ya mbao zake, amekubali. Barua hii inatangulia; safari yake ijayo tutafika Jumatano mchana. Usipike kitu cha ziada, na mtu asinitolee kiti.

Mwambie baba meno ninayo yote. La mbele moja linacheza kidogo, nililiumiza nikikaza mafundo. Hilo usimwambie.

Mdogo wako