Elfu Arobaini Waliosema Wanakuja

Belopotok, 20 Mei

Mwanangu Ognjen,

Kristo Amefufuka! U hali gani huko Viena? Sisi wazima, ila magoti yangu. Baba yako anakusalimu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huna tena nafasi ya mtu mmoja. Wiki ya tatu hii tunakaa darajani kwa zamu, wanawake tisa, kampuni isipitishe tingatinga la kuutia mto wetu kwenye mabomba. Ukatangaza kwenye ukurasa wako wa mtandaoni: "Wote darajani Jumamosi!" Watu elfu arobaini wakabonyeza kwamba wanakuja. Tukachemsha maharage sufuria nne. Walikuja sita, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Wakajipiga picha, wakauliza choo kiko wapi, wakaenda zao. Maharage tunakula hadi leo.

Alhamisi ya Kupaa Bwana kijiji kizima tutabeba msalaba kuzunguka mashamba ya mlimani, kama kila mwaka. Darajani atabaki bibi Radojka peke yake na filimbi. Nimekwambia wewe tu, utuombee.

Mama yako

Viena, 28 Mei

Mama mpendwa,

Kweli Amefufuka! Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu nyingi.

Mama, hujaelewa dunia ya leo. Bila ukurasa wangu nani angeijua Belopotok? Kukaa kwenye viti darajani ni mambo ya zamani. Lakini huo msalaba mashambani, watu watalia! Mwambie dada Stanija anitumie picha palepale.

Mwanao, Ognjen

Belopotok, 8 Juni

Ognjen,

Tu wazima, namshukuru Mungu, si wewe.

Alhamisi saa tatu asubuhi uliweka picha ya Stanija na maneno yako: "Kijiji kizima kiko mlimani muda huu!" Saa nne tingatinga likavuka. Radojka alipuliza filimbi mpaka akaishiwa pumzi. Sisi tuko juu tunaimba zaburi. Tulipofika, lilikuwa linatafuna ukingo wa upande wetu. Dereva akanionyesha simu yake, anacheka: "Mama, usinilaumu mimi. Mwanao ndiye aliyetuita."

Jioni Stanija akanisomea ulichoandika: "Moyo wangu umevunjika." Chini yake vikatuni elfu tisa vinalia. Chozi hata moja halijadondoka Belopotok.

Tumekaa chini mbele ya tingatinga, limesimama. Padri Sava naye kaleta kiti chake. Zamu yako ni Jumatano, tarehe kumi na tisa, alfajiri hadi adhuhuri. Njoo na makalio yako; hayo elfu arobaini yaache hukohuko.

Mama yako

Belopotok, 20 Juni

Ognjen,

Natumaini u mzima.

Jumatano imepita. Kwenye zamu yako alikaa baba yako. Alikuwa anaangalia barabara tu.

Stanija anasema umetuandikia shairi huko na limependwa sana. Sijaomba nisomewe.

Tingatinga limerudi ng'ambo ya daraja. Limerudije, na kesho tunakaa wapi, hayo sikwambii.

Mama