Moto wa Mlimani Haukuwa wa Baba Yako

Nyakabanda, Kigali
9 Agosti 1992

Mpendwa binti yangu Gaudiose,

Amani iwe nyumbani kwenu Ngara. Mama yako amepona goti? Na baba yako, mdogo wangu Hakizimana, macho bado yanamsumbua? Mimi kifua kimenishinda. Daktari hakunificha, wala sikumwomba anifiche. Barua hii nimeiandika siku tatu, kidogo kidogo. Ataileta jirani yetu Alida.

Huku kiangazi ni kikali. Wiki mbili zilizopita moto ulishuka kutoka mlima Kigali hadi nyuma ya nyumba za juu. Tangu hapo tunakutana: tufyeke ukanda mtupu kuuzunguka msitu, na kila kaya itoe mlinzi wa zamu.

Jumanne wazee wakaongeza jambo. Warina asali wote waondolewe msituni na mizinga yao, kwani nani amesahau jinsi Hakizimana alivyouunguza mlima mwaka 1966? Mukabalisa, mjane anayelea wajukuu kwa mizinga sita, aliinamisha kichwa.

Mwanangu, moto ule niliuwasha mimi.

Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutazama mikaratusi niliyopanda na wanafunzi, nami nilitaka akute chini pasafi. Nikafagia majani makavu, nikayachoma palepale, nikafukia makaa kwa udongo, nikaenda misani. Sikujua kwamba chini ya majani yale makaa hayafi, hutambaa. Alasiri mlima ukawaka. Baba yako alionekana akishuka na asali, nguo zikinuka moshi. Walivunja mizinga yake yote, naye akahamia huko. Mimi nikaendelea kufundisha watoto kutunza miti.

Basi Jumanne niliomba nishikwe mkono, nikasimama, nikasema yote. Libère, mwenyekiti wetu, alidai ni homa inayosema, nikae. Sikukaa. Niliwaambia warina asali ndio huuona moshi kabla yetu. Tukiwafukuza tutakuwa tumejitoboa macho.

Mukabalisa ndiye aliyenijibu. "Mwalimu, miaka ishirini na sita tunatukanwa kwa jina la mtu asiye na kosa. Jumamosi uje utuonyeshe ulipowasha."

Jana walinibeba kwa kiti hadi pale, na umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kufyeka, ukaanzia hapo. Warina asali walitangulia na majembe. Mizinga yao inabaki. Katika mabaki ya moto wa majuzi tulikuta moshi mwembamba bado unatoka. Libère akainua koleo la udongo, nikamzuia.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Asubuhi ile ya 1966 baba yako alipita nikifukia makaa. Aliniambia, "Kaka, mwagia na maji." Nikamcheka: mtu wa nyuki amfundishe mwalimu? Kwa hiyo alijua. Hata walipokuwa wanapasua mizinga yake hakunitaja. Nilikuwa na kazi na watoto wadogo, naye alikuwa na mizinga tu. Nadhani alipima hivyo. Sikuwahi kumshukuru, maana kumshukuru kungekuwa kukiri.

Msomee barua hii kwa sauti, majirani wakiwepo, usiruke neno. Simwombi jibu.

Nisalimie mama yako na mdogo wako Umulisa. Mungu awalinde, nyinyi na kila kilicho kibichi kiangazi hiki.

Mwambie baba yako kwamba jana tulimwagia maji.

Wako akupendaye hadi pumzi hii ya mwisho,
Baba yako mkubwa,
Valens