Kura Yake Imetoka Keumbu

Jumatatu, 9 Machi

Wewe uliyefungua hapa, funga. Kama umeshasoma mstari huu, basi kila neno utakaloliona chini yake lifie kwako. Usimsomee mtu. Usimwambie mama yangu. Zaidi ya yote usimwambie mwenyekiti, kwa sababu kazi yangu iko mikononi mwake na mimi ni mwoga. Nakuomba. Sina nguvu nyingine, ninaomba tu.

Majani yamechelewa leo. Mvua. Wakulima wamesimama kwenye foleni na magunia yao, na badala ya kuzungumzia mvua wanazungumzia mabeki. Kila siku mabeki. Radi FC, timu yetu ya Gesima, ilifungwa manne na Steji FC ya Keumbu katika mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza. Tangu hapo hakuna habari nyingine. Mimi napima chai, nao wanabishana juu ya mizani yangu.

"Beki wa kushoto ni mlango wa choo cha soko. Kila mtu anaingia."

"Mlango wa choo una komeo, ndugu yangu. Usiutukane."

Wengine wanamlaumu golikipa. Wengine kocha, ambaye si mtu wa huku, na anataka mabeki wapande hadi katikati ya uwanja. Wakipanda, Steji wanapiga mpira mrefu nyuma yao. Na wale vijana wa Steji ni makanga wa matatu. Kazi yao ni kukimbiza magari kutwa. Nani atawashika?

Nina maoni yangu. Tatizo si mtu mmoja. Ni ile nafasi kati ya mabeki na viungo, haina mwenyewe. Ningeweza kuwachorea kwa kidole kwenye vumbi. Sikusema. Mara ya mwisho niliposema, mwenyekiti alinijibu, "Karani, pima chai," na banda zima likacheka. Bado nina hasira nao. Wote.

Mwenyekiti ni Mzee Nyamweya. Anaongoza mashabiki wa Radi na anaongoza pia kamati ya kituo hiki cha kununulia chai. Akiwaambia wakubwa kiwandani kwamba karani hafai, karani anaondoka.

Jumanne, 10 Machi

 

Nahodha wetu ameumia goti na hatacheza tena msimu huu. Radi ina desturi yake: nahodha hachaguliwi na kocha. Huchaguliwa na mashabiki. Kila tawi hukaa kwao, watu wanapanga mlolongo nyuma ya jina wanalolitaka, kisha matokeo yanatangazwa Gesima. Mkutano ni wa Kiswahili kwa sababu kocha na wafanyabiashara wa Keroka hawajui Ekegusii, lugha yetu. Na mtangazaji ni mimi, kwa sababu ya Kiswahili changu. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Mjinga mimi.

Gesima na Keroka waligawanyika. Walioamua ni tawi la Keumbu, wale watu wetu wachache wanaouza ndizi katika soko la Keumbu na kushangilia Radi katikati ya maadui. Hao walisimama wote nyuma ya Onchari, namba tano wetu, beki wa kati. Mvua iliwazuia kuja, wakatupigia simu, mwenyekiti na mimi tukisikiliza pamoja.

Basi nikasimama chini ya mabati, mvua ikipiga kama kokoto, nikasema: Onchari, kura yake imetoka Keumbu.

Makori fundi wa pikipiki alikuwa nyuma karibu na mlango. Akawageukia waliokuwa nje. "Anasema amekura! Onchari amekura, kura yake imetoka Keumbu!"

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Ekegusii haina herufi l. Huku kwetu mtu anakuambia anakura ugari, na unajua anakula ugali. Masikio yetu yamezoea kumrekebisha msemaji kimoyomoyo. Mimi shuleni nilichapwa mpaka nikatenganisha l na r. Nikasema kura, nikaisema sawasawa, nao wakanirekebisha. Na kula kwa mtu wa mpira ni neno moja tu: amehongwa. Beki aliyefungwa manne na Keumbu, kula yake imetoka Keumbu. Nani asingeamini?

Nikapiga kelele. Kura! Si kula! Kura!

Makori akaitikia kwa huruma kabisa. "Ndiyo, karani. Tumesikia. Arikura."

Kadiri nilivyosisitiza ndivyo walivyokubaliana nami. Nilitaka kulia. Nikawaambia wapige simu Keumbu. Mtu akajibu kwamba hao wanaishi na adui, nao bila shaka wamekura.

Mwenyekiti alikuwa ameisikia simu ile kwa sikio lake. Alijua. Nilimtazama. Akaangalia mvua. Kisha akasimama na kusema jambo hili litachunguzwa, na unahodha umesimamishwa. Mtoto wa dada yake naye anacheza namba tano. Msimu mzima amekaa benchi.

Namchukia. Nimeandika. Namchukia.

Alhamisi, 12 Machi

Onchari alileta majani ya mama yake leo.  Hakuna aliyemsalimu. Ni mrefu, mpole, Msabato wa kweli, hafanyi mazoezi siku ya Jumamosi hata umpe nini. Hilo pia wamemwekea kinyongo, hata Wasabato wenzake.

Kisha mmoja akaanza. "Keumbu wamepika nini leo, kapteni?"

"Mwache, ameshiba. Hamuoni hawezi kuruka kichwa?"

Akaweka gunia kwenye mizani. Akainama karibu na dirisha langu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Karani, ulisema nimekura?"

"Nilisema kura."

"Ndiyo. Nilikura nini?"

Hata yeye. Mwenye jina lake hasikii tofauti. Nilihisi kichwa kinataka kupasuka. Nikaacha Kiswahili, nikamweleza kwa Ekegusii. Kwetu kula ni koria. Haifanani na kura hata kwa kiziwi. Alielewa papo hapo. Akacheka kicheko kifupi, kisha uso ukabadilika.

"Waambie hivyo hivyo," alisema. "Sasa. Wako hapa wote."

Niliinua macho. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye nguzo ya banda, mwavuli mkononi, ananitazama.

Nikasoma uzito wa gunia. Nikamwita anayefuata.

Ijumaa, 13 Machi

Wameikata migomba ya mama yake Onchari. Usiku, kwa panga, ule mstari wa karibu na barabara, mingine ikiwa na mikungu. Yule omong'ina, mama mzee wa watu, ni mjane, hajui hata mpira una wachezaji wangapi. Amelala na njaa kwa ajili ya herufi.

Vijana wanasema hadharani: Onchari akikanyaga uwanja Jumapili, watamtoa kwa mawe. Wengine wanacheka wanaposema. Hilo ndilo linalonitisha. Nimekua huku. Najua kundi linavyoanza kwa kucheka.

Mwenyekiti alikuja baada ya lori kuondoka. Hakufoka. Alisema kuna kituo kimoja kule juu, upande wa mpakani, karani wake ameacha kazi. Baridi kali, watu wachache, hakuna stima, ni taa za mafuta. Alisema wakubwa wakimuuliza nani aende, hajui atawajibuje. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje.

Nilisema, "Anaendelea vizuri, baba." Nikainamisha kichwa. Nilimwita baba! Ulimi huu ningeung'oa.

Jumamosi, 14 Machi

Sabato. Kijiji kimya, hata ugomvi umepumzika. Nilishuka Keroka kwa Halima. Tulisoma naye darasa moja. Familia yao ina duka la vitambaa, na yeye ana hoteli ndogo pembeni. Anashangilia Steji, tangu utotoni, bila aibu.

Nilipomsimulia alicheka hadi akashika meza. "Shoga yangu, tumnunue Onchari wa nini? Magoli anatupa bure!"

Nilikasirika. Nikamwambia si yeye anayetoa magoli, ni ile nafasi mbele yake, na kocha wao mwenyewe anajua. Nikamchorea kwa vijiko na kikombe. Nikamwambia kuhusu migomba. Hapo akaacha kucheka.

"Kumbe sauti unayo," akasema, "ukiwa hapa kwangu."

Sikumaliza chai. Niliondoka bila kuaga vizuri. Nina hasira naye kwa sababu ni kweli.

Najaribu kuyaandika matokeo yote mawili. Nikisema: nitapelekwa huko juu, mama abaki peke yake. Nisiposema: Onchari atapigwa kwa neno lililotoka kinywani mwangu. Nimeyaandika na bado naogopa lile la kwanza zaidi. Ndivyo nilivyo. Inanichukiza.

Jumapili, 15 Machi

Nimesema.

Ratiba ya wendawazimu ilitupangia raundi ya pili ianze na Steji hao hao, kwetu. Watu walitoka kanisani wakaja uwanjani moja kwa moja. Parokia hutuazima kipaza sauti, na mimi husoma majina ya wachezaji. Kocha alikuwa amempanga Onchari. Hakumuuliza mtu.

Nilianza na golikipa. Beki wa kulia. Beki wa kushoto, vicheko. Nikafika namba tano. Niliona vijana upande wa juu wakiinama, wakiinuka, mikono ikiwa imejaa. Onchari alikuwa pale pale mbele yao anapasha misuli, mgongo wake kwao. Nadhani alijua.

 Nikaacha Kiswahili. Nilisema kwa Ekegusii, polepole, kama ninavyosema na mama jikoni: watu wetu wa Keumbu walipanga mlolongo nyuma ya Onchari. Walimchagua. Hakula kitu cha mtu. Hakuna aliyesema alikula. Nikasema koria, nikasema kura, nikayasema tena, moja baada ya jingine. Nikasema mwenyekiti aliisikia simu pamoja nami, aulizwe. Mwenyekiti alikuwa ameshaushika waya wa kipaza sauti anauvuta. Niliushika kwa mikono miwili.

 Kisha omong'ina mmoja mwenye mwavuli wa kiwanda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kura!" akawa anasema. "Wamekata migomba ya mtu kwa sababu ya kura!" Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Niliona mikono kule juu inafunguka, mawe yanaanguka kwenye nyasi, wenyewe wakijifanya wanajipangusa.

Makori peke yake hakucheka. Alinijia uso kwa uso. "Karani. Ulijua tangu Jumanne. Kwa nini hukuongea lugha ya watu tangu Jumanne?"

Nikarudi kwenye orodha, nikasoma namba sita. 

Tulitoka sare, moja kwa moja. Onchari alitoa mpira mmoja kwenye mstari kwa kifua, nikapiga kelele hadi koo likakauka. Goli la Steji lilipita pale pale, kwenye ile nafasi isiyo na mwenyewe. Baada ya kipenga walimfuata golikipa wakimtukana hadi barabarani. Hakuna hata mmoja aliyemwendea Onchari kumwomba radhi. Hata mmoja! Walihitaji mtu wa kumla, wamepata mwingine. Nawapenda hawa watu na leo siwezi kuwatazama.

Jumatano, 18 Machi

Barua imekuja. Naanza kule juu wiki ijayo. Imesainiwa na mtu ambaye hajawahi kuniona. Mwenyekiti alinipongeza mbele ya watu kwa kupandishwa daraja. Watu walipiga makofi. Makori hakupiga.

 Mama alinikunjia sweta.

Jumatano, 25 Machi

Ni kweli hakuna stima. Ni baridi, na ni kimya. Majani yanakuja mapema, ukungu ukiwa bado chini, na wakulima wa huku hawasemi mengi. Wananisalimia kwa Ekegusii, naitika kwa Ekegusii. Mchana kuna nafasi ya kukaa. Nimeketi kwenye gunia tupu mlangoni nikiandika haya.

Halima amenitumia ujumbe. Radi wamempa Onchari kitambaa cha unahodha, yule mtoto wa dada yake mwenyekiti bado yuko benchi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemvalisha, akahutubia. Mama yake Onchari amepanda migomba upya. Halima anasema watu walijitolea kuchimba mashimo, hawakusema kwa nini. Nilisoma mara mbili. Hasira haijaisha, ila imekaa chini.

Kama ni wewe unayesoma, na uliyashika niliyokuomba, basi unaweza kunifikia. Ukifika Keroka muulize Halima wa hoteli, atakuonyesha pikipiki zinazopanda huku. Panda mpaka lami iishe, kisha mpaka chai iishe kulia na ubaki msitu. Banda letu lina bati moja jipya. Usibishe mlango, umekazwa na mvua. Gonga dirisha la mizani. Siku yoyote nipo.

Jumapili usije huku. Jumapili nashuka Gesima. Nitafute upande wa goli la juu, nyuma ya namba tano.