Jina la Shemsa Kwenye Orodha

Kikwajuni, Unguja
11 Machi, 1971

Ndugu yangu Shemsa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumai ile homa uliyoondoka nayo mjini imekwisha, na mguu wa bibi yako, Bi Mwatima, umepata nafuu. Mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku wazima, ila mimi nna hasira hata chakula hakipiti.

Juzi yule mkuu wetu wa ofisi, Bwana Jaku, aliniita mezani kwake akaniambia nikuandikie barua ya upole, nikuulize yale majalada ya stoo uliyapangaje. Mpwa wake Usi, aliyepewa kazi na sasa anakalia kiti chako, hajui kulitafuta hata moja. Watu wanakuja kutoka shamba kuuliza karatasi zao, wanarudi mikono mitupu. Nikarudi mezani kwangu.

Sote watano tuliletwa pale kujifunza kazi miezi sita, tukaambiwa wawili wenye alama za juu wataajiriwa. Wewe uliyatoa majalada ya miaka mitatu kwenye vumbi mpaka kifua kikakubana. Usi akija saa nne, akiondoka saa sita. Wakubwa walipokuja kukagua, Bwana Jaku akawaambia mpango ule kaubuni yeye na mpwa wake, na wewe umesimama pale pale na kitambaa puani.

Shemsa, sasa nikwambie jambo ambalo nilikuwa nalo siku zote hizi. Orodha ya walioajiriwa niliipiga taipu mimi. Jina lako lilikuwa la kwanza, alama themanini na tisa, na langu la pili. Bwana Jaku alisimama nyuma yangu akasema, "Hilo la juu litoe, mweke Usi." Niliposita, akasema mwanagenzi asiyejua kutii, serikali haimhitaji. Nikaogopa kukosa nafasi yangu. Nikapiga orodha nyengine. Kisha ulipolia mbele ya ubao wa matangazo nilikushika bega, nikakwambia labda imla ndiyo iliyokuangusha. Wewe ukanishukuru.

Ile karatasi ya kwanza aliniamuru niichane. Sikuichana. Jana asubuhi niliipeleka kwa mkubwa wake, ghorofa ya juu. Aliisoma mara mbili, akauliza nani aliyepiga ya pili. Nikasema mimi. Akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Pale ngazini Bwana Jaku akaniambia nimejitilia mchanga kwenye sahani yangu. Sikumwamkia, nikashuka zangu.

Mkubwa huyo anakutaka Jumanne saa mbili, uje na cheti chako cha skuli. Sikuahidi kuwa utapata kazi, kwani naye hakuniahidi. Lakini majalada yale usimwelekeze mtu hata mmoja kabla hujaishika barua ya ajira mkononi.

Mama hajui bado kwa nini siendi kazini. Leo jioni ntamwambia. Kwako siombi msamaha kwa barua. Nimekudanganya usoni, na usoni ndiko ninakotaka unambie utakaloniambia. Jumanne ukishatoka ofisini, mlango wetu utakuwa wazi. Ukiona huwezi kuingia, pita zako, sitakufuata njiani.

Wasalimie wote hapo Nungwi, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi,
Mwanapili