Kipira Kilichopotelea Kwenye Ufizi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kokuberwa Ishengoma
Umri: Miaka 61
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mwalimu mstaafu wa sekondari
Makazi: Mkolani, Mwanza
Tarehe: 14 Mei 2025, saa nne asubuhi
Mwandikaji: Koplo Elias

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili zangu timamu, sijalazimishwa kuja hapa wala sijatumwa. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mtaani kwetu mtu akienda polisi bila kuibiwa kuku, watu huuliza katumwa na nani.

Kabla sijaanza, Koplo ameniuliza hivi vyuma vilivyo kwenye meno yangu ni vya nini kwa umri huu. Naomba jibu liandikwe, kwanza kwa sababu linahusika na jambo lililonileta, pili kwa sababu nimechoka kulirudia. Meno yangu ya chini yalikuwa yamebanana na kunichoma ufizi wa juu kila nikila. Mtu mzima hunyooshwa meno kama kijana, alimradi ufizi na mfupa ni wazima. Yanauma siku chache kila yanapokazwa, kisha unasahau. Nitavaa vyuma kama miaka miwili, na vikitolewa nitavaa kifaa cha kuyashikilia nikiwa nimelala, la sivyo meno yatarudi yalikotoka. Mahindi ya kuchoma sili. Maswali haya nimeulizwa na kwaya nzima, na muuza dagaa, na fundi bomba, na mchungaji wetu. Mchungaji angalau alisubiri ibada iishe.

Katika wote hao, aliyeuliza akasikiliza jibu ni mmoja tu, Odeta Maige, binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa jirani yangu Sabina. Tunatumia ua mmoja na bomba moja.

Odeta alizaliwa na mwanya kwenye meno mawili ya mbele, juu. Mwanya huo aliurithi kwa bibi yake mzaa mama, marehemu, aliyezikwa Usagara. Sabina alikuwa anauonyesha kwa wageni kama watu wengine wanavyoonyesha kochi jipya. "Cheka, wakuone," anamwambia mtoto, na mtoto anacheka. Mimi naona mwanya ni pambo na sikuwahi kumwambia Odeta vinginevyo. Ila binti anataka kuwa mtangazaji wa redio, na herufi s ilikuwa inamtoka na mluzi. Kila asubuhi alikuwa anasimama bombani na kusoma taarifa ya habari kwa sauti, akiishikilia simu kama karatasi, huku watu wakichota maji. Mimi nikiwa dirishani nilikuwa namsahihisha. Mwezi wa sita mwaka huu alitarajia usaili kwenye redio moja ya hapa mjini.

Mnamo tarehe 8 Februari, siku ya Jumamosi, Odeta alinijia barazani. Aliniamkia, nikaitikia. Akauliza kama vyuma vinauma, kama vinaweza kuziba mwanya, na kama mwanya utaziba kabla ya mwezi wa sita. Nilimwambia ukweli. Mwanya unazibika, lakini lazima kwanza daktari aangalie umesababishwa na nini, na mfupa hauna haraka na usaili wa mtu. Nikamwambia Jumatatu nitampeleka kwa Dokta Projest, anayenitibu mimi. Alishukuru akaenda zake.

Jumatatu nilivaa nikatoka. Sabina alikuwa anafua. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwalimu, usihangaike. Tumeshapata wa kwetu."

Huyo wa kwao ni Shigela, mdogo wake Sabina, mjomba wa Odeta. Ni fundi simu pale Mkolani. Mwaka juzi alitengeneza simu yangu ikarudi inaita lakini haisikii. Mtu wa namna hiyo, tangu mwaka jana, amepewa kona kwenye saluni ya kusuka nywele, akabandika ukutani picha ya mzungu anayecheka, na kujiita Dokta. Anawabandikia wasichana vyuma vya urembo kwa gundi ya kucha. Wasichana wanamwita Dokta na yeye anaitika. Mimi sijawahi kumwita hivyo na leo sianzi.

Mnamo tarehe 15 Februari, saa tano asubuhi au karibu na hapo, niliingia saluni hiyo kwa miguu yangu kwa sababu nilimwona Odeta ndani. Alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, shingo imekaa kwenye beseni. Sabina alikuwa amekaa pembeni anakunywa soda. Shigela alifungua kopo la vile vipira vidogo vyeusi wanavyofungia nywele za watoto wa chekechea. Alichukua kimoja kwa kibanio chake cha kushikia vyuma vya simu, akakivuta, akakizungusha kwenye yale meno mawili. Kwa hiyo meno yakawa yamefungwa pamoja kama fungu la mchicha.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Tiba, Mwalimu."

Nikamwuliza kasomea wapi.

"Yutubu ipo, Mwalimu. Kila kitu kipo mle. Hao madaktari wenu wanawazungusha miaka miwili ili msiache kwenda."

Sabina akacheka mpaka soda ikampalia. Nilimwuliza Shigela kama amenawa mikono. Akaifuta kwenye suruali, akanionyesha viganja pande zote mbili, mtu mzima na ndevu zake. Nilimwambia Odeta ainuke twende. Odeta alimtazama mama yake, kisha akafumba macho. Nikaondoka.

Baada ya wiki tatu hivi mwanya ulikuwa umeziba. Siwezi kusema uongo mbele ya serikali, uliziba kweli, na mluzi ukaisha. Odeta alisoma taarifa nzima ya habari bombani, Serengeti, Sengerema, Simiyu, zote zikatoka safi, na watu walioweka ndoo chini wakapiga makofi. Sabina alipita nyumba hadi nyumba. Kwangu alikuja mara mbili. "Na hiyo miaka yako miwili, Mwalimu, umefikia wapi?" Nilimjibu kwamba nimefika mahali ambapo hapamhusu.

Mwishoni mwa Machi Odeta aliniambia kwamba kipira hakionekani tena. Hakumbuki kukimeza wala kukitema. Alipomwuliza mjomba wake aliambiwa, "Kimeyeyuka. Kazi yake imekwisha." Nilimwita Sabina palepale. Nilimwambia mpira hauyeyuki mdomoni, ungekuwa unayeyuka, hata bazoka wanazotafuna watoto zingeyeyuka. Nikamsihi ampeleke mtoto hospitali. Sabina alisema nina wivu kwa sababu mimi bado nimefungwa vyuma kama geti na binti yake amepona.

Mwezi wa nne ufizi ulivimba. Meno yale mawili yakashuka, yakawa marefu kuliko wenzao, na mdomo ukaanza kunuka usaha. Odeta akaacha kusoma habari. Hapo ndipo Shigela alipofanya jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo, maana ujinga peke yake naufahamu, nimeufundisha kwa miaka mingi.

Jioni moja alikuja uani kwetu, akaketi, akatangaza kwamba mama yake mzazi, yaani yule bibi wa Usagara, amekasirika. Mwanya ulikuwa wake, umezibwa bila ruhusa yake, sasa anayadai meno. Niliyasikia kwa masikio yangu, dirisha langu lilikuwa wazi. Sabina akaanza kulia. Hakuna aliyeuliza kile kipira kiko wapi.

Naomba nieleweke. Sidharau tambiko la mtu. Sisi wenyewe kule Bukoba, Walutheri na Wakatoliki, tunajua mkubwa akifa hatoki nyumbani moja kwa moja. Ninayemdharau ni mwanamume mwenye nguvu zake anayejificha nyuma ya kaburi la mama yake mzazi ili asiulizwe. Alijua. Macho yake hayakutulia hata mara moja kwa yule mtoto.

Walimpeleka Odeta Usagara, mwenyewe alinisimulia. Walimwaga pombe kaburini na kumwomba bibi radhi, kisha wakaambiwa wasubiri, bibi akikubali meno yatakaza. Aliyewaambia wasubiri ni Shigela huyohuyo. Wakasubiri wiki mbili na zaidi, na mtoto akawa anakunywa uji tu. Mfupa uliobaki ulikwisha katika kusubiri huko.

Mnamo tarehe 28 Aprili, saa moja asubuhi, nilimkuta Odeta bombani, amefunika mdomo kwa kanga. Nikamwambia afungue. Nililigusa jino moja kwa ncha ya kidole, likacheza kama kifungo cha shati kilichobaki na uzi mmoja. Sikumwomba Sabina ruhusa. Odeta ni mtu mzima, nilimwuliza yeye, akatikisa kichwa kukubali, tukaenda.

Dokta Projest alipiga picha, akatuonyesha. Kuzunguka mizizi ya meno yale mawili palikuwa peusi, hapana mfupa. Alimchoma Odeta sindano ya ganzi, akaingiza chombo chembamba chini ya ufizi, akachokoa huku na huku, akatoa kile kipira. Kilikuwa kimepanda karibu na ncha za mizizi. Akatueleza kwamba mzizi wa jino huendelea kuwa mwembamba kadiri unavyopanda, kwa hiyo kipira kikishateleza chini ya ufizi hakirudi, kinapanda tu, kikila kila kinachoshika jino. Akasema, "Mngekuja Machi tungeyafunga na meno ya jirani, huenda yangepona. Sasa hayana pa kushika."

Odeta akauliza swali moja. "Dokta, yataota mengine?"

Binti amemaliza kidato cha sita, jibu analijua. Dokta alimjibu vizuri, bila kumcheka, kwamba hayaoti, ila ufizi ukipona watazungumza kuhusu meno ya bandia. Akayatoa yote mawili. Hayakuhitaji nguvu. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Kipira nimekuja nacho kwenye kichupa, nimemkabidhi Koplo.

Nilipomrudisha nyumbani Sabina hakuuliza nani kamfanyia mtoto hivi. Aliuliza nani kaniruhusu. Mnamo tarehe 2 Mei walikaa kikao cha familia, nami nikaenda bila kualikwa. Shigela alikuwepo, amevaa shati jeupe. Alisema daktari wangu ameng'oa meno mazima. Nilikiweka kipira mezani. Akakitazama, akasema vipira kama hivyo viko vingi. Nilimtaka Odeta aseme mbele ya wote nani alikiweka. Odeta akavuta kanga hadi puani, akasema, "Nilijiwekea mwenyewe." Sabina akaniambia, "Umesikia, Mwalimu? Ni mjomba wake. Haya tutayamaliza nyumbani."

Nikawaambia kwamba wameshayamaliza, mdomoni mwa mtoto.

Koplo ameniuliza kwa nini basi nimekuja leo, wakati mwenye meno mwenyewe hajalalamika. Nimekuja kwa sababu ya jana.

Jana tarehe 13 Mei, saa tisa alasiri, nilipita mbele ya ile saluni nikitoka sokoni. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kiti alikuwa amelazwa msichana mwenye sare ya shule, mdogo, sidhani kama amefika miaka kumi na nne. Jina lake silijui. Shigela alikuwa amemwinamia na kibanio mkononi. Kando yake alisimama mtu anammulikia mdomoni kwa tochi ya simu, na kwa mkono wa pili ameziba mdomo wake mwenyewe. Huyo alikuwa Odeta.

Niliingia nikamshika yule msichana mkono, nikamwinua, nikamwambia aende kwao. Alikimbia. Shigela alinitukana, matusi yenyewe siyarudii, hayana jipya. Nikamtoa Odeta nje na kumwuliza anafanya nini mle ndani. Hakuondoa mkono mdomoni. Ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie.

Alisema, "Mjomba amesema nikimsaidia kazi, atanitengenezea mengine."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya. Shigela alimwita kutoka ndani mara moja, wala si kwa sauti kubwa, na Odeta akarudi.

Niliyosema ni niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, hakuna nitakalolipunguza. Shigela akitaka kusema nimemwonea, nipo, mlango wangu unatazamana na bomba.

Sahihi ya shahidi: K. Ishengoma

MAELEZO YA MWANDIKAJI: Mimi Koplo Elias nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akasaini mbele yangu. Nimepokea kichupa kimoja chenye kipira cheusi. Shahidi ameshauriwa arudi nyumbani asubiri kuitwa. Amekataa kusubiri. Saa tano na nusu nimetoka naye kwenda saluni. Tumekuta Shigela hayupo. Odeta yupo, na kwenye kiti yupo msichana amefungua mdomo. Odeta ametuomba tukae kwenye benchi, Dokta anarudi sasa hivi.